Nywila ya Wi-Fi imekataa: fuata dalili kabla ya kuchukua pini

Ruta ya nyumbani ina nywila tatu, na sehemu kubwa ya matatizo yaliyo hapa chini huanza mtu anapoichukua moja na kuijaribu kwenye mlango wa nyingine.

Ya kwanza ni nywila ya Wi-Fi, ile mgeni anayoiuliza kabla hata chai haijamiminwa. Ya pili hufungua ukurasa wa mipangilio ya ruta yenyewe. Ya tatu ni ya akaunti: ruta huitumia kimyakimya kujitambulisha kwa kampuni ya intaneti, na kwenye menyu utaikuta chini ya jina PPPoE. Si kampuni zote huitumia, lakini inapotumika fundi huiandika siku ya kufunga na mwenye nyumba haioni tena.

Tundu dogo lililoandikwa RESET hufuta zote tatu kwa mpigo. Mbili za mwanzo hurudi kama zilivyo kwenye stika. Ya tatu haiko kwenye stika. Ndiyo maana mtu aliyesahau nywila ya Wi-Fi Ijumaa jioni, akachokoa tundu hilo kwa pini, huamka Jumamosi akiwa na nywila inayofanya kazi na hana intaneti. Kuzima ruta ukutani na kuiwasha ni jambo jingine kabisa, halifuti chochote. Lifanye bila hofu.

Dalili: Nywila imesahaulika, au ya kwenye stika haikubaliki

Anza na stika hata kama unaamini unaijua. Iko chini ya ruta au mgongoni. Jina la mtandao huandikwa "SSID" au "WLAN Name", na nywila huandikwa "WLAN Key", "WPA Key" au "Wireless Password". Ukiona majina mawili, moja likiishia na "5G", hiyo si 5G ya simu. Ni masafa ya gigahezi 5, na kwa kawaida nywila yake ni ileile. Usisome stika kwa kuinama na tochi: ipige picha, kisha ukuze. Herufi zinazowadanganya watu ni sifuri na O, moja na l ndogo na I kubwa, 8 na B, 5 na S. Kubwa na ndogo si kitu kimoja. Na kama kuna mstari wa "Username" na "Password" pamoja, huo ni wa ukurasa wa mipangilio, si wa Wi-Fi.

Ikiwa umeisoma vizuri na bado inakataa, basi ilibadilishwa. Aghalabu ni fundi aliyeiweka nyingine siku ya kufunga, au mpangaji aliyetangulia kama ruta uliikuta ndani. Tafuta SMS na WhatsApp za siku hiyo. Angalia pia karatasi ya usakinishaji.

Ukikosa, itoe kwenye kifaa ambacho tayari kimeunganika. Kwenye simu ya Android toleo la 10 au jipya zaidi, fungua Mipangilio, kisha Mtandao na intaneti, kisha Intaneti, gusa alama ya gia kando ya jina la mtandao, halafu Shiriki. Simu itaomba alama ya kidole au pini yako, kisha itaonyesha msimbo wa QR. Tecno, Infinix, Redmi na Samsung hupanga menyu kila moja kwa njia yake, ila msimbo upo. Simu nyingi huandika nywila chini yake. Kama yako haiiandiki, piga picha ya skrini na uisome kwa programu yoyote ya kusoma misimbo: utapata mstari unaoanza na WIFI:, na maneno yaliyo baada ya P: ndiyo nywila. Ukimaliza, ifute picha hiyo. Yeyote aliye nayo ana ufunguo wa nyumba.

Kwenye iPhone yenye iOS 16 na kuendelea, fungua Settings, Wi-Fi, gusa herufi i iliyo kwenye duara, kisha gusa mstari wa Password.

Kwenye Windows 11, ingia Settings, Network & internet, Wi-Fi, Manage known networks, chagua mtandao, kisha bonyeza View Wi-Fi security key. Windows ya zamani haina kitufe hicho. Fungua Command Prompt, andika

netsh wlan show profile name="JINA LA MTANDAO" key=clear

kisha tafuta mstari wa "Key Content". Jina liandike kama lilivyo, pamoja na nafasi zake. Ukilisahau, netsh wlan show profiles hukuorodheshea mitandao yote ambayo kompyuta imeihifadhi.

Kama hakuna kifaa hata kimoja kilichobaki, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya wa LAN (waya wa mtandao). Waya hauulizi nywila ya Wi-Fi. Kisha ingia kwenye ukurasa wa mipangilio, ambao una dalili yake hapa chini.

Dalili: "Nywila si sahihi", na wewe una hakika ni sahihi

Mara nyingi kosa liko kwenye kibodi. Ni rahisi kuandika herufi kubwa mahali pa ndogo, na nywila iliyonakiliwa kutoka WhatsApp huja na nafasi mwishoni ambayo huioni. Gusa alama ya jicho ili uone unachoandika, halafu uandike kwa mkono.

Ikiendelea kukataa, simu huenda inashikilia nywila ya zamani. Gusa jina la mtandao, chagua Sahau, kisha uunganishe upya kama mgeni. Hili hutokea sana mtu mwingine wa nyumbani anapobadilisha nywila bila kusema.

Sababu ya tatu husahaulika: si ruta yako. Katika ghorofa za mitaa ya Nairobi kama Roysambu, Umoja au Pipeline, simu huona mitandao ishirini bila shida, na hakuna kanuni inayozuia nyumba mbili kuwa na jina moja. Simu huangalia jina na aina ya ulinzi, si ruta ni ya nani. Ikiwa jirani ameweka jina kama lako na ruta yake iko karibu na ukuta wako, simu itajaribu nywila yako kwake na kukataliwa. Zima ruta yako kwa dakika mbili. Jina likiendelea kuonekana, umempata wa kufanana naye, na dawa ni kubadilisha jina lako.

Kifaa kimoja tu kikikataa huku vingine vikikubali, na kifaa hicho ni cha zamani (televisheni, printa, laptopu ya zamani), angalia aina ya ulinzi kwenye ruta. WPA3, aina mpya ya ulinzi, ilitangazwa mwaka 2018, na vifaa vingi vya kabla ya hapo haviijui. Chagua mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, au WPA2-PSK yenye AES. Usirudi kwenye WEP, ulinzi wa kale na dhaifu, wala kuacha mtandao wazi ili kuifurahisha printa. Printa ya kale ichomekwe kwa waya.

Mwisho kabisa, kama kuna aliyewahi kuwasha kichujio cha anwani za MAC (nambari ya utambulisho ya kila kifaa kwenye mtandao), simu mpya zitakwama. Android toleo la 10 na iOS 14 kuendelea hutumia anwani ya kubuni kwa kila mtandao, kwa hiyo anwani halisi ya simu si ile ruta inayoiona. Kizime kichujio hicho. Kinga yake ni ndogo na usumbufu wake ni mkubwa.

Dalili: Jina la mtandao halionekani

Stima ikirudi, ruta huhitaji dakika mbili au tatu kabla jina halijatokea. Masafa ya gigahezi 5 yanaweza kuchelewa zaidi, kwa kuwa kwenye baadhi ya chaneli ruta lazima isikilize kwanza kwa sekunde 60 kama kuna rada inayozitumia.

Baada ya hapo angalia ubavuni mwa ruta. Nyingi zina kitufe cha WLAN kinachozima Wi-Fi, na mtoto au kitambaa cha vumbi hukibonyeza bila kujua. Taa ya WLAN ikiwa imezimika, bonyeza mara moja na usubiri.

Kama simu inaona jina lakini televisheni au kamera haioni, sababu karibu kila mara ni masafa. Kamera nyingi za bei nafuu, soketi janja na vijisanduku vya televisheni hupokea gigahezi 2.4 pekee. Ruta iliyounganisha masafa mawili chini ya jina moja huvichanganya wakati wa kuviweka. Ingia kwenye mipangilio, tenganisha majina, unganisha kamera kwenye 2.4, kisha ukitaka uyaunganishe tena. Ukiwa hapo angalia chaneli pia: kwenye 2.4 tumia 1, 6 au 11. Chaneli 12 na 13 hazionekani na baadhi ya vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani.

Kuta za mawe na nguzo za zege za nyumba zetu hula gigahezi 5 haraka kuliko 2.4. Ruta iliyofungiwa kwenye kabati la chuma au iliyojificha nyuma ya televisheni haisaidiwi na nywila yoyote. Itoe, ipandishe juu ya kabati.

Huenda pia kuna aliyeficha jina akidhani ni ulinzi. Si ulinzi: programu ya bure hulionyesha mara tu kifaa kimoja kinapounganika, na simu yako itakuwa inaliita jina hilo kila uendako. Liache wazi.

Dalili: Ukurasa wa mipangilio haufunguki, au unakataa jina na nywila

Zima data ya simu kwanza. Bila hivyo simu inaweza kuitafuta ruta kupitia laini ya simu, ambako haipo. Kisha pata anwani sahihi: iko kwenye stika, au kwenye maelezo ya mtandao ndani ya simu chini ya "Gateway". Kwenye Windows, andika ipconfig na utafute "Default Gateway". Zinazokutwa sana ni 192.168.1.1, 192.168.0.1, 192.168.100.1 kwa ruta nyingi za faiba za Huawei, na 192.168.8.1 kwa zile za laini ya simu. TP-Link hukubali pia tplinkwifi.net. Iandike kwenye upau wa anwani wa kivinjari, si kwenye kisanduku cha kutafuta cha Google. Kivinjari kikilalamika kuwa ukurasa si salama, ni kawaida kwa ruta iliyo ndani ya nyumba yako.

Ukurasa ukifunguka na kukataa nywila, usiiandike ile ya Wi-Fi. Tumia ya stika. Ruta nyingi hufunga mlango kwa dakika moja au zaidi baada ya makosa matatu, na hapo hata nywila sahihi hukataliwa. Subiri, usibahatishe. Kama ruta ni ya kampuni, akaunti uliyopewa huenda haionyeshi kila kitu, au kampuni imebadilisha nywila hiyo kutoka mbali. Piga huduma kwa wateja na uwaombe wabadilishe nywila ya Wi-Fi wenyewe. Wengi hufanya hivyo bila kukutuma mtu.

Ruta ya zamani inayofunguka kwa neno "admin" mara mbili inafaa kubadilishwa nywila hiyo leo. Yeyote aliye kwenye Wi-Fi yako anaweza kuingia humo.

Dalili: Nimebadilisha jina au nywila, sasa nusu ya nyumba haina Wi-Fi

Ruta haijaharibika. Kila kifaa kilichokuwa ndani kimetolewa na kinahitaji kuambiwa upya: televisheni, printa, kamera za mlangoni, simu ya dada wa kazi. Kwa hiyo badilisha ukiwa na saa moja ya nafasi, si dakika kumi kabla ya mkutano wa Zoom.

Mpangilio unaofaa ni huu. Chomeka kompyuta kwa waya, ili usijikate mwenyewe katikati ya kazi. Piga picha ya kila ukurasa kabla ya kuugusa. Fungua menyu ya WLAN au Wireless. Kwenye ruta za Huawei nywila huitwa "WPA PreSharedKey" na ina kisanduku cha "Hide" cha kuondoa tiki. Badilisha 2.4 na 5 zote mbili, na kila ukurasa ubonyeze Apply au Save kabla ya kuhama. Kosa la kawaida ni kubadilisha masafa moja na kusahau mengine. Simu zinabaki kuruka kati ya nywila mbili, na lawama inaangukia intaneti.

Jina lina kikomo cha baiti 32, na emoji moja kwa kawaida hula 4 au zaidi. Epuka emoji, alama ya ritifaa na alama za asilimia. Mwaka 2021 jina lililojazwa alama za asilimia lilizima Wi-Fi ya iPhone kabisa hadi Apple ilipotoa rekebisho. Usiweke nambari ya nyumba wala ya simu kwenye jina: ngazi nzima inalisoma.

Nywila iwe na herufi 8 hadi 63. Nywila inayopendwa sana hapa ni namba ya simu, nayo ni dhaifu kuliko inavyoonekana. Namba inayoanza na 07 imebakiza tarakimu nane tu, yaani michanganyiko milioni 100. Mtu aliyenasa kifaa chako kikiunganika anaweza kuimaliza yote kwa dakika chache kwa kompyuta yenye kadi nzuri ya michezo. Maneno manne yasiyohusiana, yaliyounganishwa kwa vistari na yote kwa herufi ndogo, huwa magumu kuvunja na rahisi kumtajia mgeni. Mfano ni kijiko-lami-tausi-gunia, ila sasa tafuta yako.

Ukinunua ruta mpya, ipe jina lilelile, nywila ileile na aina ileile ya ulinzi kama ya zamani. Vifaa vyote vitarudi vyenyewe. Hila hii peke yake huokoa mchana mzima.

Dalili: Intaneti imekuwa nzito, unashuku kuna waliojipenyeza

Kwanza hesabu. Menyu ya "Connected devices" au "DHCP clients" huonyesha vilivyounganika. Usikimbilie kumlaumu jirani. Simu zenye anwani za kubuni huonekana kama majina ya ajabu, na televisheni, saa na kamera nazo zinahesabiwa. Zima vifaa vyako kimoja kimoja. Kitakachobaki wakati vyako vyote vimezimwa ndicho cha kuulizia.

Aghalabu mlango ulifunguliwa kutoka ndani: mtoto alimwonyesha rafiki yake msimbo wa QR. Badilisha nywila, kisha uwashe mtandao wa wageni wenye nywila yake, na uweke humo wageni na kamera. Zima pia WPS ya pini, yaani njia ya kuunganisha kifaa kwa pini badala ya nywila. Udhaifu wake ulitangazwa mwaka 2011: tarakimu zake nane hukaguliwa kwa mafungu mawili, kwa hiyo majaribio yasiyozidi 11,000 yanatosha.

Ukimjua aliyeingia, usijibu kwa kuingia kwake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni inaweka faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili, kwa kuingia kwenye mfumo usio wako bila idhini.

Dalili: Imeunganika, lakini hakuna intaneti

Achana na nywila ya Wi-Fi. Imekubalika. Angalia kama kifurushi kimeisha. Ukiwa umelipa, linganisha nambari ya akaunti kwenye SMS ya M-Pesa na ile ya kampuni, tarakimu kwa tarakimu. Pesa iliyoingia akaunti ya mwingine haikuwashii wewe.

Kisha tazama taa. LOS nyekundu inamaanisha mwanga haufiki: waya wa faiba umekatika, umepindwa au umechomoka. Ubonyeze polepole kwenye tundu lake na uunyooshe. Usiukunje kwa duara dogo kuliko kikombe cha chai. Usitazame ndani ya ncha yake iliyochomolewa: mwanga wake hauonekani na unaweza kudhuru jicho. Taa ikibaki nyekundu, simama hapo na umwite fundi.

Wanaopata intaneti kwa antena ya paani wana kijisanduku chenye matundu mawili, "PoE" (linalopeleka umeme kwenye antena) na "LAN". Waya wa antena huingia PoE, wa ruta huingia LAN. Ukivigeuza, umeme unaweza kuingia kwenye ruta na kuiunguza. Na paani usipande, hasa mvua ikinyesha.

Ruta ikijizima na kujiwasha yenyewe baada ya stima kurudi, soma adapta. Ya volti 9 iliyochomekwa kwenye ruta ya volti 12 huleta tabia hiyo hasa. Volti ziwe sawa kabisa na stika ya ruta, na ampea zisipungue.

Ikibidi kufuta kweli

Piga kampuni kwanza na uulize: mkifuta, mipangilio itarudi kutoka mbali au mtatuma mtu? Kama ni PPPoE, omba jina na nywila viandikwe kwenye SMS kabla hujagusa kitu. Kisha ruta ikiwa imewaka, shikilia pini ndani ya tundu kwa sekunde 10 hadi taa zote zipepese. Usiizime umeme kwa dakika tano.

Ukiita fundi, andaa nambari ya akaunti, nambari ya S/N (utambulisho wa ruta yako) iliyo kwenye stika, rangi ya kila taa, na kitu cha mwisho kilichobadilishwa. Pini ya M-Pesa haimo kwenye kazi yake, akiiomba mfungulie mlango aondoke. Kabla hajatoka, mwambie aingie kwenye ukurasa wa mipangilio mbele yako kwa nywila atakayokuachia, nawe uipige picha.